Ongeza Moto, Mjomba!

Wenzangu wa kalamu, kabla hamjaniuliza nimetumwa na nani, niseme mwenyewe: sauti iliyopiga kelele siku ile ilikuwa yangu.

Tulikuwa tunashuka Mto Wami kuelekea baharini. Watalii sita, Mjomba kashika usukani, mimi nyuma na kamba ya nanga. Mimi ni kijana wa Saadani. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja kama yalivyokuja, na tangu hapo deiwaka yangu ni hiyo: kufunga kamba, kugawa maboya ya kuvaa, kuwaonesha wageni kiboko kwa kidole. Usiku naandika riwaya. Basi mtalii mmoja, kijana wa rika langu, akanyanyua kidole gumba juu. Akanyanyua tena. Mimi na Kiingereza changu kinachopata kutu nikajitia mkalimani. "Anasema ongeza moto, Mjomba!" Mjomba akaniangalia tu. Nikarudia, safari hii huku nacheka: "Ongeza moto!"

Akaongeza.

Omo ikanyanyuka, upepo ukatupiga usoni, wageni wakapiga vigelegele vya kwao. Kwenye kona, upande wa kushoto, palikuwa na mama mmoja na mtoto wanavuka kwa mtumbwi wa kuchonga. Hatukuwagonga. Hatukuwakaribia hata. Tuliwapungia mkono, na mtoto akatupungia. Ndipo mkia wa boti ukawafikia. Wimbi la kwanza liliunyanyua mtumbwi, la pili likaulaza ubavu, la tatu likaingia ndani. Hawakuzama, alhamdulillahi, maana mto ule mamba wake si wa hadithi. Nilipogeuka mara ya mwisho nilimwona mtoto anafua maji kwa kopo la rangi, na mama kainua kiroba cha unga juu ya kichwa, kinachuruzika.

Tulipofika, yule kijana alitoa bakshishi ya dola ishirini. Mjomba alichukua kumi na tano, mimi tano. Nikanunua daftari kubwa la kurasa mia mbili, na usiku uleule nikaandika sura ya tatu ya riwaya yangu. Shujaa wangu anawafukuza majangili kwa boti ya mashine katikati ya mikoko ya Wami, risasi zinalia, maji yanapasuka kama kioo. Kurasa kumi na moja. Nikaziona nzuri sana. Hamna mama mle. Hamna kopo wala unga.

Nasema haya kwa sababu nimesoma maandishi yenu, na nimeona tumelogwa na mchawi mmoja. Sisi ni watoto wa Willy Gamba na Joram Kiango. Tumewasoma chini ya dawati, vitabu havina majalada, kurasa za mwisho zimechanwa na mtu aliyetangulia. Siwatukani waandishi wale, walitufundisha kwamba Kiswahili kinaweza kukimbia. Lakini tumeiga mbio peke yake. Shujaa wetu akipewa gari lazima tairi zilie, akipewa boti lazima ipae. Sijaona hadithi hata moja ya kijana mwenzangu ambayo boti ikipita, mwandishi anabaki nyuma kutazama mkia unakwenda kumpiga nani. Tunaondoka na boti. Msomaji naye tunaondoka naye.

Sasa nielezeni hapo nakosea wapi. Lakini kwanza niwape ninachokijua, maana tangu siku ile nimekuwa mtu wa kukaa ukingoni.

Asubuhi moja sina kazi nilikwenda nikakaa chini ya mti mahali ambapo mto unabana, nikatazama. Kulikuwa na kaupepo. Vijiwimbi vyake vilikuwa vinafika kwenye ukingo vimechoka, vinalamba tope na kurudi. Maji ya pembeni yalikuwa meupe kiasi kwamba unaona vidagaa. Ikapita boti, siyo yetu. Haikupita hata nusu dakika. Mawimbi yake yalipofika yaliingia chini ya ukingo, pale pembeni palipochimbika kama kinywa, yakatoa sauti ya mtu anayemeza. Yakarudi na udongo. Maji yakawa ya rangi ya chai ya maziwa, na yalibaki hivyo muda wa mzee aliyekuwa jirani yangu kuvuta sigara yake yote na kuitupa. Bonge la udongo lenye majani juu yake likakaa kidogo, kama mlevi anayefikiria, halafu likaanguka.

Ukingo wa mto hauliwi kwa juu. Unaliwa kwa miguu. Wimbi linachimba chini, mizizi inabaki inaning'inia hewani, juu panaonekana salama hadi siku panapoanguka na mti wake. Mdiria wanaotoboa mashimo ya viota kwenye kingo zile wanahama na shimo. Kule mdomoni mwa mto, ambako maji ya chumvi yanapanda, mikoko imeshika tope kwa mizizi yake. Mche wa mkoko uliodondoka juzi hauna mizizi ya kushika kitu, unahitaji maji yaliyotulia upate kusimama. Na kamba tunaowavua nje ya Wami, wale wanaouzwa kwa bei ambayo sisi wavuvi wenyewe hatuwezi kuwala, utoto wao wanaupitisha kwenye mikoko hiyohiyo. Haya siyo mambo ya watalii, ni mboga.

Boti ya mashine ina mienendo mitatu. Ukikaa nyuma ya boti wiki moja utaiona kwa macho bila fizikia ya kitabuni. Ikienda taratibu inakata maji kwa adabu, nyuma inaacha mistari miwili myembamba. Ikienda kasi kabisa inapanda juu ya maji, tumbo linateleza, na mkia unapungua kuliko unavyodhani, ingawa haukosekani. Katikati ya hizo mbili ndipo palipo na balaa: omo inatazama mbinguni, tezi imezama, boti inalima maji kama trekta. Ukiongeza abiria na mizigo inalima zaidi. Na nguvu ya wimbi haiendi kwa hesabu ya dukani. Wimbi la sentimita 40 halibebi nguvu mara mbili ya lile la sentimita 20, linabeba mara nne.

Sasa tazama manahodha wetu wanavyotoa heshima. Anakuja kasi, anaona mtumbwi mbele, anapunguza nusu. Nusu! Anaingia palepale kwenye kulima, mbele ya mtumbwi, kisha anapunga mkono kwa roho safi kabisa. Ile heshima ya nusu ndiyo inayojaza maji mitumbwi ya watu. Kama unapunguza, punguza mapema, na upunguze hadi mashine inanong'ona.

Hapo najua mtu atasimama: "Wewe dogo, mmomonyoko Saadani ulikuwepo kabla ya boti za wageni." Kweli tupu. Nisiwe mwongo kwa kutaka kushinda mabishano. Kule ufukweni, mbele ya kijiji, boti siishtaki. Pale kuna kusi. Kusi likishika kuanzia Aprili, mkia wa boti mbele yake ni kama mate ya chura. Bahari inaleta mchanga na bahari inachukua mchanga, na mto nao, mafuriko yakija kama yale ya El Niño ya 1997 na 1998, unahamisha kingo zake wenyewe bila kusaidiwa na mashine ya mtu. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na miti na kasa walipanda kutaga. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Boti za kasi hazikufanya hilo.

Lakini tofauti iko hapa, na naomba mnisikilize. Ufukwe wa bahari umezaliwa ndani ya mawimbi, unayajua. Ukingo wa mto uliojificha ndani ya kona haujawahi kukutana na wimbi la kweli tangu uumbwe. Upepo hauna nafasi ya kukimbia pale ukajenga wimbi. Boti inapeleka bahari mahali ambapo bahari haikualikwa, na inaipeleka mara nne kwa siku, mwezi mzima wa msimu, mto ni mwembamba, wimbi halina umbali wa kufia njiani.

Halafu kuna hili la kusingizia. Watu wetu wakiona ardhi inaondoka husema kazi ya Mungu, na wasomi wetu husema tabianchi, na wote wawili wanakaa chini. Kunduchi walisema hivyohivyo. Bahari ilipoila Hoteli ya Africana, wengi walitazama juu. Kumbe sehemu ya jibu ilikuwa nyuma ya migongo yao, kwenye vijito ambako malori yalikuwa yanachota mchanga wa kujengea, mchanga ambao ungeshuka kulisha ufukwe. Lori lina dereva. Kusi halina dereva, hilo tumsamehe nani? Boti ina dereva, na nyuma yake yupo mpumbavu mmoja mwenye kamba ya nanga anayempigia kelele aongeze moto.

Twende kwenye sheria. Tanzania tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kifungu chake cha 57 kimetenga mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari na wa ziwa. Ndani ya mita hizo hairuhusiwi shughuli ya kudumu ya binadamu, wala shughuli ambayo kwa asili yake inaweza kudhuru uhifadhi wa mahali pale. Kijijini sheria hii tunaijua kwa jina moja, "mita sitini". Mama akipanda mchicha mita thelathini kutoka majini ataisikia. Ukijenga kibanda utaisikia. Lakini nimeona mita hizo zinapimwa kwa kutazama nchi kavu tu, mgongo umegeuziwa maji. Boti inapita mita kumi kutoka ukingo uleule, inaung'oa, na hakuna anayetoa futi kupima. Je, boti inayolima maji si shughuli? Au haidhuru kwa asili yake? Jembe la yule mama linachimba mara moja kwa msimu. Mimi sijasoma sheria, lakini kusoma nimesoma, na maneno yale sikuona mahali yalipoandikwa kwamba madhara yakitokea upande wa majini yasihesabiwe.

Na wageni wetu? Hapa ndipo nilipopandwa na hasira kweli. Uingereza kuna mahali panaitwa Norfolk Broads, maziwa na mito ya kustarehe, mabwawa ambayo kwa asili ni mashimo yaliyochimbwa na watu wa kale wakitafuta udongo wa kuchoma kama kuni. Boti za starehe ni nyingi kule, na mwendo umewekewa vibao kati ya maili 3 na 6 kwa saa, yaani kilomita 5 hadi 10, sababu mojawapo ikiwa kingo zisiliwe. Unaweza kutembea kwa miguu pembeni mkaongea na nahodha. Kwenye ziwa lao la Windermere walibishana miaka na miaka, wenye boti za kasi wakilia kwamba wanauawa kibiashara, na mwaka 2005 kikomo cha maili 10 za baharini kwa saa kikaanza kufanya kazi. Kule sababu kubwa ilikuwa usalama na utulivu. Sawa. Lakini yule kijana wa kidole gumba angefanya kwao alichokifanya kwetu, angeandikiwa faini kabla hajakausha nywele. Kwetu alipewa mkalimani.

Simlaumu sana. Hakujua. Hakuna kibao kwenye kona ile, hakuna mtu aliyemwambia. Aliyejua alikuwa mimi, mtoto wa palepale, niliyevushwa na bibi kwenye mto uleule kwa mtumbwi kama ule.

Kuna historia kidogo inanichekesha kwa uchungu. Mwaka 1889 Wajerumani waliipiga Saadani kwa mizinga kutoka kwenye meli, wakimtafuta Bwana Heri aliyekataa kuwasujudia. Shuleni tulijibu swali hilo kwa kujivuna, babu zetu walisimama mbele ya meli za moto. Sisi wajukuu tumesimama mbele ya faiba yenye mashine mbili, tunaomba ipite haraka zaidi.

Wapo watakaoniambia tumbo. "Ukizuia mwendo utalii utakufa, na wewe utarudi kuokota nazi." Nimemuuliza Mjomba, maana yeye ndiye anayenunua mafuta. Alinijibu akiwa anasafisha plagi, wala hakuniangalia. Akasema mashine ikinong'ona mafuta yanabaki, kiboko hazami, mamba hakimbii ukingoni, ndege hawaruki, wageni wanapiga picha hadi wanachoka. Akasema ukikimbia mbele ya kiboko usiyemwona chini ya maji, siku moja atakuonesha yeye ndiye mwenye mto. Nikamuuliza, sasa mbona siku ile uliongeza? Akanyamaza kidogo. "Wewe ndiye uliyesema mgeni anataka."

Hifadhi ya Saadani, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, inasifiwa kwa sababu nyika inakutana na bahari. Mtu hakutoka kwao mbali kote huko kuja kuona povu. Povu analo kwenye sinki la jikoni kwake.

Kwa hiyo nadai, na nadai kwa sauti, ingawa najua gazeti letu hili linasomwa na watu wachache na nusu yao wanatafuta hadithi zao wenyewe kama zimetoka. Ndani ya mto, kutoka mahali boti zinapopakia hadi pale mikoko inapofunguka baharini, mwendo uwe wa mtu anayetembea. Vibao viwekwe kwenye kona, kwa Kiswahili kwanza. Mita sitini zipimwe pande zote mbili za ukingo. Mtumbwi ukiwa unavuka, boti isimame, siyo ipunguze nusu, isimame, kama gari linavyosimamia mbuzi wa mtu. Baharini huko nje, mbali na ufukwe na nyavu za watu, kimbieni mpendavyo, mashine ni zenu.

Kwenu ninyi mnaoandika dai langu ni dogo zaidi na najua litawaudhi zaidi. Boti ikipita kwenye hadithi yako, usipande. Kwa ukurasa mmoja tu, baki ukingoni. Andika kopo. Andika unga ulivyoganda, mama alivyouanika juu ya mkeka akitenga mabonge ya kupikia uji na mabonge ya kuku. Mimi sijui alifanya hivyo, nabuni, ndiyo kazi yetu. Nimechana zile kurasa kumi na moja. Mjomba alizitumia kuwashia jiko, akasema karatasi nzuri. Shujaa wangu sasa kakwama sura ya pili na majangili wametoroka, na sijui nitawakamata vipi kwa mwendo wa kutembea.

Wiki iliyopita nilinunua kiroba cha unga, kilo 25, nikapanda nacho hadi kwenye kivuko. Nilimkuta mzee anaziba ufa wa mtumbwi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unavuka?"

Nikamwambia sivuki, namtafuta mama mmoja, alikuwa anavuka na mtoto wa kiume, boti ikapita, unga wake ukalowa. Mzee akaweka patasi chini. Akakitazama kiroba, akanitazama mimi, kofia yangu ina jina la boti.

"Mjukuu wangu," akasema, "hapa waliolowa unga ni wengi. Wewe unamtafuta yupi?"